USALAMA NA AFYA: Motokari gani inafaa kuvuta remorke ndogo?



Siku za konje zikifika, jamaa nyingi zinapenda kwenda pamoja kuona wazazi. Vitu ni vingi: godoro, masanduku, mifuko ya unga, bido za maji. Motokari inajaa upesi, kwa hiyo wengine wananunua remorke ndogo ya safari. Ni jambo jema, kwani mzigo hauketi tena juu ya magoti ya watoto. Lakini wengi wanachagua remorke kwanza, kisha wanauliza kama motokari itaiweza. Inafaa kuanza na motokari.

1. Kusimama ni kazi kuliko kuondoka

Karibu kila motokari inaweza kuondoka na remorke mahali pa sawasawa. Shida inakuja kwenye mteremko, wakati mbuzi ao mtoto anapokatiza barabara. Remorke haina macho. Inaendelea kusukuma motokari kwa nyuma. Tena mkumbuke hesabu hii: ukienda kilometa 80 kwa saa badala ya 40, nguvu ya kugongana haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Nguvu hiyo ndiyo inayovunja mbavu na shingo.

2. Soma kibati cha motokari

Tafuteni kibati kidogo cha chuma chini ya kifuniko cha mota ao kwenye nguzo ya mlango. Mara nyingi kinaonyesha kilo za motokari ikijaa, na kilo za motokari pamoja na remorke yake. Toa ya kwanza katika ya pili.

Mfano: motokari ikijaa ni kilo 1.800, pamoja na remorke ni kilo 2.700. Inabaki kilo 900. Basi, remorke pamoja na mzigo wake isipite kilo 900. Kama remorke tupu ina kilo 450, mzigo wote usipite kilo 450, ni kusema mifuko 18 ya unga ya kilo 25. Bido moja ya maji ya litri 20 ina kilo 20; bido tano ni kilo 100 tayari.

Kama hesabu ya kuvuta haiko kwenye kibati, itafute katika kitabu cha motokari. Kama haipatikani popote, usipime kwa macho: usivute.

3. Motokari iwe nzito kuliko remorke

Katika Uingereza, wanaoanza kuvuta remorke za safari wanashauriwa hivi: remorke ikijaa isipite 85 kwa mia ya uzito wa motokari tupu. Kama motokari yetu ya mfano ina kilo 1.300 tupu, 85 kwa mia ni kilo 1.105. Lakini kibati kinasema 900. Fuata sikuzote hesabu iliyo ndogo.

4. Feren za remorke

Katika Ulaya, remorke isiyo na feren yake haipashwi kupita kilo 750, wala kupita nusu ya uzito wa motokari. Nusu ya 1.300 ni 650. Kwa hiyo remorke yetu ya kilo 900 sherti iwe na feren zake yenyewe. Anayekuuzia remorke nzito pasipo feren anakuuzia hatari.

5. Mota, magurudumu na urefu

Mota ya mazuti yenye turbo inavuta vizuri pasipo kukimbia sana. Mota isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila metre 1.000 za kupanda juu, na Kolwezi iko juu ya metre 1.400. Hivyo motokari ndogo ya esanse inayochoka ikiwa peke yake haifai kupewa remorke.

Remorke inakandamiza nyuma ya motokari na kuinua mbele kidogo. Kwa hiyo, katika matope, motokari inayovutwa na magurudumu ya mbele inateleza upesi. Ile ya magurudumu ya nyuma ao yote manne inashika vizuri zaidi. Tena motokari ndefu inatulia kuliko jipu fupi, ambayo remorke inaweza kuitikisa mkia.

6. Kroshe na mzigo

Kroshe ifungwe kwenye shasi na fundi anayejua kazi, si kwenye parshoki. Sehemu ya mbele ya remorke ikandamize kroshe kwa kilo 5 mpaka 7 katika kila kilo 100. Kwa remorke ya kilo 900 ni karibu kilo 45 mpaka 63, lakini usipite kiasi ambacho motokari na kroshe vinaruhusu. Pima kwa mizani ya watu na kipande cha mti, remorke ikiwa sawasawa. Weka vitu vizito chini, karibu na magurudumu. Mzigo ukilemea nyuma, remorke itayumba. Ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye gazi polepole, shika usukani sawa, usikanyage feren kwa nguvu.

Angalisho kwa afya

– Usiinue remorke iliyojaa kwa mikono: mgongo unaumia. Tumia gurudumu dogo la mbele, na zuia magurudumu kwa mawe kwanza.

– Usiweke vidole kati ya kroshe na remorke. Vidole vinapondwa kwa dakika moja.

– Radiatere ikichemka kwenye mlima, usiifungue ingali moto. Mtu akiungua, mwagia mahali pale maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kwa munganga. Msipake mafuta wala dawa ya meno.

– Aliyetoka posta ya usiku asishike usukani kabla ya kulala. Njiani pumzika kila saa mbili, na gusa magurudumu: linalowaka moto kuliko mengine lina shida ya feren ao ya rulma.

– Mtu asipande ndani ya remorke, hata mtoto, hata kwa mwendo mfupi. Hakuna kiti, hakuna mkanda, na shofele hasikii akilia.

Mama, nanyi mna kazi katika jambo hili. Kabla ya kuondoka, hesabuni kilo pamoja na baba. Zikipita, acheni mifuko miwili nyumbani ao muitume kwa kamyo. Unga utafika kesho, na ninyi mtakuwa mmefika wote wazima.