Kompyuta ya michezo kwa pesa kidogo: tuanze na umeme



Kutoka Kadutu mpaka Bagira, vijana wa Bukavu wanajua vyumba vya PlayStation ambako mtu analipa kwa mechi. Kidogo kidogo wengine wanauliza: "Badala ya kulipa kila siku, siwezi kujiungia kompyuta yangu mwenyewe?" Swali hilo si baya. Kompyuta inayocheza mpira inaweza pia kuandika barua, kufundisha hesabu na kutengeneza video za harusi.

Lakini pesa ya nyumbani hainunui mara mbili. Mwaka 2025, vita vilipofika mjini, banki zilifungwa na uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa. Familia zikajifunza kuhesabu kila dola. Tena vyombo vyenyewe vinatoka mbali, Dubai ao Ulaya, vikipita Mombasa ao Dar es Salaam. Ukinunua kipande kisichofaa, nani atakirudisha huko?

Vijana wengi wanaanza na karte grafiki, kile kipande kinachochora picha za mchezo, na pesa yote inaishia hapo. Sisi tunashauri njia nyingine: umeme kwanza, karte kiisha, urembo mwisho.

UMEME KWANZA

Umeme wa Bukavu unatoka mto Ruzizi. Kituo cha kwanza kilijengwa mwisho wa miaka ya 1950. Cha pili, cha Kongo, Rwanda na Burundi pamoja, kilianza mwaka 1989. Mji umekua kuliko vituo. Jioni, kila nyumba ikiwasha, taa zinafifia, kiisha tunasikia watoto: "Kura imeenda!" Na wakati umeme unarudi, mara nyingine unarudi kwa nguvu nyingi. Pigo hilo ndilo linaua kompyuta.

Kipande kinachopokea umeme ndani ya kompyuta kinaitwa alimantasio. Wengi wanakichagua mwisho, kwa pesa iliyobaki. Hilo ni kosa. Angalia mambo matatu:

1. Nyuma ya alimantasio za bei ndogo kuna kibonyezo chekundu chenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni volti 220. Kibonyezo kikikaa kwenye 115, ukiwasha tu inapasuka. Afadhali ile iliyoandikwa 100–240: haina kibonyezo, na inavumilia umeme ukishuka.

2. Usiamini namba kubwa ya watti iliyoandikwa pembeni. Soma karatasi ndogo, mstari wa volti 12, ambao ndio unalisha prosesa na karte. Zidisha 12 kwa ampea zake. Kama imeandikwa ampea 18, hesabu ni 12 mara 18, ndiyo watti 216, hata kama nje wameandika 500.

3. Toa sehemu moja kati ya sita ya pesa yako yote kwa stabilizateri nzuri, ile mashini inayolinganisha umeme, ao kwa onduleri yenye batri. Umeme ukikatika, zima kabisa, na ukirudi ngoja dakika chache.

Tena kuna radi. Uchunguzi wa satelaiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba milima ya mashariki ya Kongo ndiyo inapigwa na radi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Afrika. Mvua ikianza kunguruma, chomoa waya ukutani. Stabilizateri haizuii radi.

KOMPYUTA YA OFISI, AO VIPANDE VIPYA?

Mwenye pesa kidogo ana njia mbili.

Njia ya kwanza ni kununua kompyuta iliyotumika ofisini, kama Dell OptiPlex ao HP, kiisha kuongeza karte grafiki. Chagua yenye prosesa Intel ya kizazi cha 8 ao zaidi. Utaijua kwa namba: i5-8500 inaanza na 8. Sababu yake ni hii: Microsoft iliacha kutunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida haikubali Intel za zamani kuliko kizazi hicho. Chagua pia sanduku refu, si lile jembamba. Jembamba linapokea karte fupi tu. Na kumbuka kwamba alimantasio ya kompyuta hizi mara nyingi ina soketi zake peke yake. Ikiungua, ya kawaida ya butiki haiingii.

Njia ya pili ni kuunga vipande kimoja kimoja, ukichukua prosesa inayochora picha yenyewe bila karte, kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021. Inatosha kwa michezo mingi ya mpira na ya zamani kidogo. Siku pesa ikipatikana, unaongeza karte. Kwa familia inayojenga polepole, njia hii ni nzuri: kila kipande kinasaidia tangu siku ya kwanza.

KARTE: NGUVU KIASI GANI?

Kwanza andika majina ya michezo mitatu unayotaka kweli, kiisha uliza inadai nini. Mwenye kutaka mpira tu asinunue karte ya mwenye kutaka vita na magari.

Nafasi ya karte ndani ya kompyuta inatoa watti 75. Karte kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, na nyingi za GTX 1650 ya mwaka 2019, zinatosheka na hizo, bila waya mwingine. Ndizo zinazofaa kompyuta ya ofisi. RX 580 ya mwaka 2017 ina nguvu zaidi, lakini inaomba watti 185 peke yake.

Tufanye hesabu ya nyumba yenye jua na batri moja ya volti 12, ampea 100. Ndani mna watti 1200 kwa saa moja. Tusipotaka kuiua batri, tutumie nusu, ndiyo 600. Kompyuta yenye GTX 1650, pamoja na kioo chake, inakula karibu 180: mtacheza karibu saa tatu. Yenye RX 580 inafika 300 na zaidi: hata saa mbili hazitimii, na taa ya mama jikoni itazimika pamoja nayo.

MEMORI NA DISKI

Memori iwe giga 16, vipande viwili vya 8 afadhali kuliko kimoja cha 16, hasa kwa prosesa inayochora yenyewe. Angalia namba: DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Tangu mwisho wa mwaka 2025 bei ya memori ilipanda sana duniani, kwa sababu makampuni ya akili bandia yananunua nyingi. Kwa hiyo kompyuta iliyotumika yenye memori ndani yake inaweza kuwa faida.

Diski iwe SSD, giga 500. Michezo mingine mikubwa inapita giga 100, kwa hiyo uhesabu pia pesa ya intaneti ya kuishusha.

PIMA KABLA YA KULIPA

Ninyi wa Kamituga na Shabunda mnajua: mnunuzi wa dhahabu hanunui kwa macho. Anapima. Mfanye vilevile.

Kuna karte za zamani sana, kama GTS 450, ambazo watu wamezibadilisha jina zijiite GTX 1050 Ti. Muuzaji atasema: "Mudogo yangu, hii iko muzuri, haina shida, chukua tu." Pengine yeye mwenyewe amedanganywa. Uwe na programu GPU-Z ndani ya flash. Ikigundua uongo inaandika FAKE mbele ya jina.

Kuna pia karte zilizotoka kwa "wachimbaji" wengine, wasio na sululu wala shimo: watu waliotumia karte usiku na mchana kutafuta pesa ya kompyuta, kama Ethereum. Kazi ile ya Ethereum iliisha Septemba 2022, na karte nyingi zikauzwa. Si zote mbaya, lakini uombe kuiona ikicheza mchezo mzito nusu saa. Kama inazima, inapiga kelele, ao inaonyesha vidoadoa vya rangi, iache.

MAWE YA KWETU

Ndani ya vipande hivi kuna bati inayounganisha nyaya, dhahabu kwenye meno ya memori, na mara nyingi tantali inayotoka katika koltani. Wazee wanakumbuka mwaka 2000: dunia ilitaka tantali kwa simu na mashini za michezo, bei ya koltani ikapanda, watu wengi wa Kivu wakaacha mashamba. Mwaka uliofuata bei ikaanguka, na mashamba yalikuwa majani. Kitu kilichotoa jasho namna hii kisitupwe ovyo. Kipande kilichoungua, peleka kwanza kwa fundi; mara nyingi ni kidude kimoja tu cha kubadilisha.

KABLA YA KUTOA DOLA

– Nimesoma mstari wa volti 12?
– Stabilizateri iko ndani ya hesabu?
– Karte inaingia katika sanduku langu, na alimantasio inaiweza?
– Nimeiona ikicheza nusu saa?
– Karo ya shule imekwisha kulipwa?

Jibu la moja likiwa "hapana", weka pesa mfukoni. Butiki itafunguliwa tena kesho.