Ngozi Iponyayo Kidonda

Sisi wakazi wa Nyamianda, hapa Uvira, hatujasahau tarehe 2 Julai 2010. Siku ile huko Sange, katika bonde la Ruzizi, lori la mafuta lilipinduka, moto ukawaka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Wengi waliosalimika walibaki na vidonda vipana.

Kidonda kipana hukawia kufunikwa na ngozi mpya. Kikiachwa hivyo, chaweza kuoza, au kuacha kovu likunjalo kiungo. Hapo waganga hupandikiza ngozi, kazi aliyoionyesha Reverdin mjini Paris mwaka 1869 kwa vipande vidogo. Mganga huchukua utando mwembamba, mara nyingi pajani mwa mgonjwa mwenyewe, kwani ngozi ya mtu mwingine mwili huikataa. Siku za kwanza utando huo huishi kwa majimaji ya kidonda; kisha mishipa midogo ya damu huuingia. Kwa hiyo mgonjwa asitikise kiungo wala asifungue bandeji. Paja nalo hupona lenyewe, kwa kawaida baada ya majuma mawili hivi.

Enyi wazazi, mtoto akiungua, mmwagieni maji safi ya baridi dakika 20, mfunikeni kitambaa safi, mpelekeni hospitali. Msimpake tope wala mavi ya ng'ombe: kidonda kikiingiwa na uchafu, hata ngozi iliyopandikizwa haishiki.