Mtoto Mchanga Apimwe Masikio Kabla ya Mwezi Mmoja

Mtoto aliyezaliwa bila kusikia haonekani kuwa na kasoro yoyote. Hunyonya, hulia, hutabasamu na hata kutoa sauti za kitoto miezi ya kwanza kama wenzake. Ndiyo maana familia nyingi hugundua tatizo akiwa na miaka miwili au mitatu, na wakati huo wote jamaa wamekuwa wakisema, "Hata babake alichelewa kuzungumza."

Kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hadi watatu huwa na upungufu wa kudumu wa kusikia. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hivyo kutokuwa na kiziwi katika ukoo si hakikisho.

Kipimo hufanywaje?

Mtoto hupimwa akiwa amelala. Mhudumu huweka kifaa laini mlangoni mwa sikio, nacho hutoa sauti ndogo. Sikio la ndani likiwa zima hurudisha mwangwi hafifu ambao mashine huunasa. Kipimo huchukua dakika chache tu, hakina sindano wala maumivu.

Watoto waliolazwa katika chumba cha uangalizi maalum huhitaji pia kipimo cha pili, ambacho hutumia vibandiko vya kichwani kuonyesha kama sauti inafika kwenye ubongo.

Mtoto asipofaulu mara ya kwanza, haimaanishi kuwa ni kiziwi. Huenda sikio bado lina majimaji ya uzazi. La muhimu ni kurudi siku aliyopangiwa, kwani mzazi asiporudi, kipimo cha kwanza hakitakuwa na faida.

Mwezi 1, miezi 3, miezi 6

Wataalamu hupendekeza mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Utafiti uliofanywa Colorado, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa watoto waliotambuliwa kabla ya miezi 6 walikuwa na lugha bora kuliko waliotambuliwa baadaye, wawe walitumia maneno au ishara. Samaki mkunje angali mbichi.

Msaada hutegemea kiwango cha tatizo: vifaa vya kusaidia kusikia, upasuaji wa kupandikiza kifaa katika sikio la ndani, mafunzo ya matamshi, au Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 inaitambua. Familia ikijifunza ishara mapema, mtoto hakosi lugha nyumbani.

Walio katika hatari zaidi

Wazazi wawe makini zaidi iwapo mtoto:
• alizaliwa na uzito mdogo sana au alichelewa kupumua;
• alipata umanjano mkali au homa ya uti wa mgongo;
• alitibiwa kwa dawa kama jentamisini kwa muda mrefu;
• ana jamaa aliyekuwa kiziwi tangu utotoni;
• mamake aliugua rubela akiwa mjamzito.

Dalili za kuangalia

Mtoto mchanga hashtuki mlango ukifungwa kwa kishindo. Akiwa na miezi 6 hageuki kufuata sauti. Akifika mwaka mmoja haitikii jina lake. Aliyefaulu kipimo pia huweza kupoteza kusikia baadaye, hivyo mzazi akiwa na shaka ampeleke hospitalini bila kungoja.

Kinga ipo

Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto ungeweza kuzuiwa. Chanjo ya surua na rubela, inayotolewa Kenya tangu 2016, hupewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Sikio linalotoa usaha litibiwe kituoni; lisitiwe mafuta, maziwa ya mama wala njiti.

Si kila kituo cha afya kina mashine ya kupima. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, au katika kliniki ya chanjo ya wiki 6, mama amuulize muuguzi: "Mtoto wangu atapimwa masikio wapi na lini?" Jibu liandikwe katika kijitabu cha mama na mtoto, na tarehe hiyo izingatiwe kama ile ya chanjo.