Agra: Marumaru ya Mfalme, Jasho la Mafundi

Ndugu msomaji, yamkini umekwisha kuiona picha ya Taj Mahal: katika kalenda iliyotundikwa dukani, au katika filamu ya Kihindi. Kuba jeupe, minara minne, na mfereji wa maji mbele yake. Aghalabu picha hiyo huelezwa kwa neno moja tu, mapenzi. Neno hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Auzuruye mji wa Agra kwa makini hugundua kwamba nyuma ya hadithi ya mfalme na mkewe ipo hadithi ya pili, ya watu waliochonga, waliobeba na waliolipa kodi. Nayo haijaisha hata leo.

Agra umo katika jimbo la Uttar Pradesh, kaskazini ya India, kando ya mto Yamuna, mwendo wa kilometa zipatazo 200 kusini-mashariki ya Delhi. Msafiri aweza kufika kwa garimoshi asubuhi na kurejea Delhi jioni, ijapokuwa siku moja haikidhi haja. Mei na Juni joto hupita nyuzi 40. Desemba na Januari ukungu wa asubuhi huweza kulificha jengo zima. Kumbuka pia kwamba siku ya Ijumaa Taj Mahal hufungwa kwa watalii, ili Waislamu wa mji wasali katika msikiti ulio ndani ya ua wake.

Ni vema kuanza na Ngome. Mfalme Akbar alianza kuijenga upya mwaka 1565 kwa jiwe jekundu la mchanga, na kuta zake zina mzunguko wa kilometa zipatazo mbili na nusu. Ndani yake upo ukumbi uitwao Diwan-i-Am, ambamo mfalme alisikiliza mashauri ya raia. Neno hilo si geni kwetu, kwa kuwa diwani wetu wa kata amepata jina lake katika asili hiyo hiyo ya Kiajemi, iliyokuwa lugha ya serikali ya Mughal. Ngome hiyo hiyo iligeuka gereza mwaka 1658, Shah Jahan, mjukuu wa Akbar, alipopinduliwa na mwanawe mwenyewe, Aurangzeb. Alifungwa humo hadi alipokufa mwaka 1666, na kutoka barazani aliweza kuliona kwa mbali, penye pindo la mto, kaburi alilomjengea mkewe.

Mke huyo ni Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wake wa kumi na nne. Ujenzi ulianza mwaka 1632 na ukachukua miaka ipatayo ishirini. Marumaru nyeupe ililetwa kutoka Makrana, katika Rajasthan. Kwa kuwa ukingo wa mto ni ardhi laini, mafundi walichimba visima virefu, wakavijaza mawe na chokaa, ndipo wakapata msingi wa kubeba jengo lenye urefu wa meta 73 hivi. Minara minne waliilaza kidogo kuelekea nje, ili ikitokea kuanguka isiliangukie kaburi.

Ukiingia ndani, utazame ukuta kwa karibu. Maua unayodhani yamepakwa rangi hayakupakwa rangi: ni vipande vya akiki, feruzi na vito vingine vilivyotiwa njumu ndani ya marumaru. Makaburi mawili unayoyaona ni ya mfano tu. Wenyewe wamezikwa katika chumba cha chini. Kaburi la Mumtaz limekaa katikati barabara. La Shah Jahan limesogezwa pembeni, nalo ndilo linalovunja ulinganifu wa ukumbi mzima.

Sasa tujiulize swali ambalo kalenda hazilijibu: nani aliyejenga? Hukadiriwa kwamba watu 20,000 walishiriki katika kazi hiyo. Kwenye mawe mekundu ya sakafuni zingalipo alama ndogondogo walizochora wachongaji, kama vile nyota, ziwe sahihi zao. Ama ile hadithi kwamba mfalme aliwakata mikono wasije wakajenga mfano wake, hiyo ni ngano isiyo na ushahidi wowote. Lakini haituhitaji ngano kujua machungu ya enzi hiyo. Kati ya mwaka 1630 na 1632, njaa kubwa iliua watu wengi katika Gujarat na Deccan, ilhali hazina ya mfalme, iliyojazwa na kodi ya wakulima, iliendelea kumudu marumaru. Hata baadaye mapato ya vijiji 30 yaliwekwa wakfu kulitunza kaburi hilo.

Karne tatu baadaye, adui mpya alizuka. Moshi wa makaa ya mawe kutoka kalibu za chuma na viwanda vingine ulikuwa na salfa, ambayo ikichanganyika na unyevu wa hewani hugeuka tindikali inayoila marumaru. Wakili M.C. Mehta alifungua kesi mwaka 1984, na tarehe 30 Desemba 1996 Mahakama ya Juu ya India ikaviamuru viwanda 292 vitumie gesi asilia badala ya makaa, ama viondoke eneo hilo.

Hapo ndipo mfanyakazi wa mjini anapopaswa kutega sikio. Jiwe likiokolewa, je, mwenye kukitegemea kiwanda ale nini? Mahakama haikulikwepa swali hilo. Iliamuru kwamba kiwanda kinachohama kiwachukue wafanyakazi wake bila kuwakatia utumishi, na kinachofungwa kiwalipe fidia. Kuamuru ni jambo moja na kutimiza ni jingine. Hata hivyo kanuni iliwekwa kwamba mzigo wa kuutunza urithi wa taifa usimwelemee mnyonge peke yake.

Vita hivyo bado vinaendelea. Vumbi na masizi huyafifiza marumaru, na wahifadhi huyapaka udongo laini, wakauacha ukauke, kisha wakauosha pamoja na uchafu ulioshika. Nje ya malango, katika vichochoro vya Tajganj, mafundi wangali wamekaa mbele ya vinu vya kunolea, wakisaga kipande cha akiki mpaka kiwe jani jembamba la ua.

Basi ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Agra, usiishie kupiga picha mbele ya mfereji. Ingia vichochoro hivyo, umsalimu fundi, uitazame mikono yake ikifanya kazi. Jina la mfalme limekwisha kuandikwa vitabuni. La fundi utalijua ukimwuliza.