Dungu la Kulinda Shamba: Namna ya Kupanda, Kukaa na Kushuka Salama

Mahindi na pojo vinapokaribia kukomaa katika maeneo ya chini ya kaunti, kuanzia Sagalla na Kasigau hadi Mwatate na Taveta, familia nyingi huacha kulala ndani. Baba, mama au kijana wa nyumbani hubeba tochi na blanketi, hupanda mti na kukesha akisikiliza kama kuna matawi yanayovunjika. Jukwaa analokalia huitwa dungu, na wengine huliita ulingo. Ni njia ya wazee ya kulinda mazao, na bado inafaa. Hata hivyo, dungu lililojengwa vibaya linaweza kumuumiza mkulima kabla ndovu hajafika.

Haja ya kukesha inaeleweka. Hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizoanzishwa mwaka wa 1948, zinachukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu karibu ndovu 15,000 katika eneo pana la Tsavo. Kundi dogo likiingia shambani usiku mmoja, kazi ya msimu mzima huisha kabla ya alfajiri.

Funzo la mwaka wa 1898

Dungu si jambo geni katika historia ya Tsavo. Mwaka wa 1898, reli ilipofika mto Tsavo, simba wawili waliwaua wafanyakazi wengi wa ujenzi wa daraja. Mhandisi John Henry Patterson alisimamisha nguzo nne, akaweka ubao wa kuketia kwenye kimo cha futi 12 hivi, karibu na mzoga wa punda. Usiku wa tarehe 9 Desemba simba alikuja, lakini hakumtazama punda. Kwa muda wa saa mbili alimzunguka mtu aliyekuwa juu, huku Patterson akihofia kwamba nguzo moja ingevunjika. Alifaulu kumuua simba huyo, lakini wazo la dungu dhaifu lilibaki katika kumbukumbu zake. Yeyote anayejenga dungu leo aanze na swali hilo hilo: je, nguzo zitastahimili?

Tofauti moja ni kubwa. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inaendeleza katazo hilo, hata kwa anayetafuta kitoweo tu. Kwa hivyo dungu la leo ni la kuona na kutoa taarifa. Mkulima anayepanda na mshale, mkuki wa kurusha au waya wa kutegea anajiweka mashakani mbele ya sheria na mbele ya mnyama aliyejeruhiwa.

Kuchagua mti

Mti ufaao uko hai, umesimama wima na shina lake ni nene kiasi kwamba mtu mzima hawezi kulizungusha mikono yake. Ndovu huangusha miti ya wastani kwa kuisukuma kwa kichwa. Mti unaotikisika mtu mmoja anapousukuma haufai. Gonga shina pande zote: mlio wa uwazi ni dalili ya kuoza ndani. Angalia uyoga kwenye shina, matawi makavu, mizinga ya nyuki, mashimo ya nyoka na nyaya za stima zilizo karibu.

Epuka mti ambao ndovu wenyewe wanaufuata. Mbuyu ni mnene na imara, lakini ndovu wa Tsavo hula magome yake. Mwembe wenye matunda yaliyoiva huwavutia pia. Usichague mti ulio juu ya njia yao ya kila msimu.

Wengi hujenga dungu pembeni kabisa mwa shamba ili waone mapema. Ni vyema zaidi kulijenga ndani, upande wa nyumba. Ndovu dume akiinua mkonga hufikia mita 6 hivi, na dungu nyingi huwa chini ya hapo. Kuliinua zaidi huongeza hatari ya kuanguka. Kinachomlinda mkulima basi ni umbali: tochi yenye mwanga mkali humwezesha kuona mpaka wa shamba bila kukaa juu ya mpaka huo. Kama hakuna mti mnene mahali pazuri, ni heri kukesha karibu na nyumba kuliko kupanda mti mwembamba.

Vipandio

Ajali nyingi za mitini hutokea mtu anapopanda, anaposhuka, au anapotoka kwenye ngazi kuingia jukwaani, si wakati ameketi. Kwa hivyo ngazi inahitaji uangalifu kuliko jukwaa lenyewe.

Warina asali wa jamii mbalimbali Afrika Mashariki hupigilia vigingi vya mti mgumu kwenye mbuyu na kupanda navyo, kwa sababu mbao zake ni laini. Kwenye miti migumu njia hiyo hupasua shina na kigingi hulegea. Ngazi ya miti miwili iliyofungwa imara kwenye shina ni salama zaidi. Acha nafasi ya sentimita 30 hivi kati ya kipandio na kipandio, na iwe sawa kote, kwa sababu gizani mguu hutafuta kipimo ulichozoea. Kila kipandio kifungwe pande zote mbili. Ngazi ipite juu ya sakafu ya dungu kwa mita 1, ili mtu awe na cha kushika anapoingia na anapotoka.

Anayepanda ashike kwa sehemu tatu kila wakati: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Hii ina maana kwamba mikono haibebi chochote. Tochi, maji na blanketi vifungwe kwenye kamba na kuvutwa juu baadaye. Sehemu ya chini ya ngazi iweze kuondolewa mchana ili watoto wasipande.

Jukwaa na mkanda

Sakafu ikae juu ya matawi mawili mazima au zaidi, au juu ya nguzo zilizochimbiwa chini. Mti huyumba kwa upepo, na misumari peke yake hung'oka polepole, kwa hivyo viungo vifungwe pia kwa kamba. Weka kizuizi cha kimo cha kiuno pande zote isipokuwa mlangoni. Kabla ya mtu kuketi, vuta magunia ya mchanga yenye uzito mara mbili ya watu watakaokaa, yaache usiku kucha, kisha kagua kila fundo asubuhi.

Marekani, wawindaji wa mitini hutumia mkanda wa kuketia unaoshikwa na kamba iliyozungushwa kwenye shina, pamoja na kibao kidogo cha kukanyagia. Uwindaji wao hauna nafasi hapa kwetu, lakini kanuni yao ya usalama inafaa: mtu afungwe kwenye mti tangu miguu inapoondoka ardhini hadi inaporudi. Fundi wa stima hufanya hivyo hivyo anapozungusha mkanda kwenye nguzo na kuusogeza juu kadiri anavyopanda.

Kamba ya mkanda ifungwe kwenye shina juu ya kichwa cha aliyeketi, na iwe fupi, ili akiteleza asianguke mbali. Anayening'inia bila kutikisika anaweza kuzimia kwa dakika chache kwa sababu damu hukwama miguuni. Awe na kitanzi cha kukanyaga, na mwenzake awe karibu kumsaidia. Kamba ya katani, ambayo kaunti hii inaifahamu vizuri kutokana na mashamba ya Mwatate na Voi, inafaa kuvuta mizigo. Isitumike kubeba uhai wa mtu, kwani mvua na jua huiozesha ndani huku nje ikionekana nzima. Tumia kamba ya nailoni nene isiyo na mikwaruzo.

Usiku wa zamu

Wakeshe watu wawili, mmoja akilala mwingine awe macho, wote wakiwa wamefungwa. Wasiwe wamekunywa pombe, wala wasiwashe moto juu ya jukwaa. Radi zikianza, washuke waende nyumbani. Simu iwe na chaji na nambari ya kituo cha KWS kilicho karibu, ya chifu na ya majirani.

Ndovu wakionekana, mlinzi awashe tochi, apige debe au filimbi na kupiga simu. Asishuke kuwafukuza, hata kama mahindi yanaliwa mbele ya macho yake. Mazao hupandwa tena.

Asubuhi, piga picha za uharibifu na nyayo kabla ya kugusa chochote, kisha uripoti KWS. Madai ya fidia hupitia kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia. Kwa kifo sheria ya 2013 inataja shilingi milioni 5, kwa jeraha la ulemavu wa kudumu milioni 3, na kwa majeraha mengine hadi milioni 2. Sheria hiyo pia inasema fidia ya mazao haitolewi kwa mwenye shamba ambaye hakuchukua hatua za kutosha kuyalinda. Dungu, ua na daftari la zamu za usiku ni ushahidi kwamba ulijitahidi.

Dungu hufanya kazi vizuri zaidi likiwa na msaidizi. Huko Sagalla ya chini, wakulima wa Mwakoma wametumia ua wa mizinga ya nyuki tangu 2009, kwa ushirikiano na watafiti wa Save the Elephants. Mizinga hutundikwa kila mita 10 na kuunganishwa kwa waya, hivyo ndovu akiusukuma waya, nyuki huamka. Utafiti wa miaka tisa uliochapishwa 2024 ulionyesha kuwa ua huo ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia katika misimu ya mazao. Nyuki wakilinda mpaka, mlinzi aliye juu hubaki na kazi ya kutazama tu, na wala hana sababu ya kushuka gizani.