Amri ni ileile, msomaji ni mwingine

Andika `pip install requests[socks]` kwenye Mac ya miaka hii na utajibiwa `zsh: no matches found`. Wengi huilaumu pip, wakaifuta na kuisakinisha upya, na jibu halibadiliki. Halitabadilika, kwa sababu pip yenyewe haijaitwa bado.

Kila unachoandika kwenye dirisha la amri husomwa kwanza na sheli. Ndiyo inayochambua alama, kisha ikaita programu uliyoitaja. Kwa zsh, iliyo sheli ya Mac hizo, mabano ya mraba ni ombi la kutafuta mafaili: jina lianze na requests, kisha ifuate herufi moja kati ya zilizomo ndani. Faili la namna hiyo halipo, basi zsh inagoma papo hapo. Bash nayo hutafuta vivyo hivyo, ila ikikosa huyaachia maneno yapite kama yalivyo. Ndiyo maana miongozo mingi, iliyoandikwa na watu wa bash, haina alama za kunukuu. Zitie, `'requests[socks]'`, na sheli zote mbili zitaridhika. Dawa hiyohiyo hutibu anwani za intaneti zenye alama ya kuuliza.

Apple waliifanya zsh kuwa sheli ya watumiaji wapya mwaka 2019. Bash bado imo ndani ya Mac, lakini ni ya toleo la 3.2, lililotoka mara ya kwanza 2006, kwa hiyo skripti inayotumia `declare -A` itakwama humo hata ukiisoma kwa bash.

Kabla ya kurekebisha chochote, basi, ujue ni nani anayesoma. Usiulize `echo $SHELL`. Hiyo hutaja sheli uliyopangiwa unapoingia, si lazima iwe hii unayozungumza nayo sasa. Andika `ps -p $$`. Fish, sheli nyingine, itakataa, ikikwambia utumie `$fish_pid`, na kukataa huko tayari ni jibu.

Upande wa Linux mtego mkubwa uko kwenye `/bin/sh`. Tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006, jina hilo kwenye Ubuntu huelekeza kwa dash, sheli ndogo iliyochaguliwa kwa wepesi wake, si kwa bash. Skripti inayoanza na `#!/bin/sh` huku ndani imejaa `[[` itapata `[[: not found`. Badilisha mstari wa kwanza uwe `#!/usr/bin/env bash`, au uondoe yale ya bash peke yake. Programu ya ShellCheck itakuonyesha yalipo. Lakini angalia unavyoiita. Ukiandika `sh kazi.sh`, ule mstari wa kwanza unageuka maelezo tu, na dash inaisoma skripti yako kana kwamba hukuandika kitu.

Fish, iliyoanza 2005, haijaribu hata kufanana na bash, na mimi naipenda kwa hilo. Ni sheli nzuri ya vidole. Kuifanya sheli ya kuingilia kwenye seva, hata hivyo, sishauri: programu nyingi huingia kupitia ssh na kutuma amri za sh zikitarajia kueleweka. Iite kutoka kwenye mipangilio ya dirisha lako, uiache bash mlangoni.

Mazingira ya Python hayana shida, kwani huja na `activate.fish`. Shida ni faili la kampuni au la mradi lililoandikwa kwa bash, lenye vigeu unavyovihitaji. Ukilisoma kwa `source` ndani ya fish, litagoma. Ukiliendesha kwa `bash`, vigeu vyake hufa nalo likimaliza. Njia ya kati ni hii: `bash -c 'source mazingira.sh; exec fish'`. Bash inalisoma, kisha inaipisha fish mahali pake. Vigeu vilivyotangazwa kwa `export` huvuka. Fankisheni na majina ya mkato hubaki upande wa pili, na hayo itabidi uyaandike mwenyewe kwa fish.