Kulaza Sikio kwa Sindano na Uzi

Mvulana wa miaka 8 aliingia chumbani mwangu amevaa kofia ya sufu iliyoshuka hata ikayafunika masikio yake yote mawili, ilhali nje ilikuwa kaskazi na joto lilikuwa la kumtamanisha mtu kuvua hata shati. Akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo, daktari," nami nilipomwitikia marahaba na kumpa kiti, mama yake ndiye aliyeanza kusimulia: kwamba kofia ile haitoki kichwani ila wakati wa kulala, kwamba shuleni huamriwa kuivua, na kwamba kila siku ya kunyolewa ni siku ya kilio nyumbani, kwa sababu wenzake humwita Ungo. Nikamgeukia mwenyewe, nikamwuliza ni nani aliyetaka waje kwangu, yeye au mama. Akajibu kwa sauti ndogo, "Mimi." Kisha akaivua kofia.

Neno lile moja ndilo nilitafutalo kwa kila mtoto aletwaye kwangu kwa shauri hili, kwani mtoto asiyeyaona masikio yake kuwa ni taabu hana haja ya tabibu, hata wazee wake wakiyachukia namna gani. Sikio lililotokeza si maradhi: linasikia sawa na sikio jingine lolote, na kulilaza hakuongezi wala hakupunguzi usikivu wa mtu. Walakini dhihaka ina uzito wake, na katika shule zetu nyingi uzito huo umezidishwa na wembe, maana msichana wa Ulaya mwenye umbile hili huachia nywele zikamsitiri, ilhali kwetu mvulana na msichana hunyolewa sawasawa, na asiyevaa hijabu hana pa kuyaficha masikio yake.

Ili msomaji afahamu kinachotendeka katika matibabu haya, namwomba asimame mbele ya kioo alitazame sikio lake kana kwamba hajapata kuliona. Ukingo wa nje umejipinda kama pindo la nguo. Ndani yake, sambamba nao, pana mkunjo wa pili ulioinuka mfano wa tuta, unaoshuka kutoka juu hadi karibu na ndewe. Na katikati kabisa pana bakuli linaloipokea sauti na kuielekeza tunduni. Mkunjo ule wa pili ndio unaolielekeza sikio nyuma, likalala karibu na kichwa. Mtoto akizaliwa mkunjo huo haukukamilika, sikio hubaki wazi kama karatasi isiyokunjwa. Na pengine mkunjo upo barabara, lakini bakuli la katikati limekuwa na kina kupita kiasi, likalisukuma sikio zima mbali na kichwa. Aghalabu mambo haya mawili hukutana katika sikio moja, na mara nyingi umbile lenyewe hurithiwa, hata ukimwona mtoto waweza kumtambua baba yake barazani. Mpasuaji hachukui neno la jicho peke yake, bali huweka rula nyuma ya sikio na kupima nafasi iliyopo baina ya ukingo na kichwa: katika sikio la kawaida nafasi hiyo ni kama milimita 10 hadi 12 upande wa juu, na 16 hadi 18 katikati. Katikati pakipita milimita 20, watu huanza kuliona sikio kabla ya kuuona uso.

Chini ya ngozi ile nyembamba pana gegedu, jamii moja na lile tunalolitafuna mwisho wa kidari cha kuku, na ni tabia za gegedu hili zinazomwongoza tabibu, apende asipende. Kwanza, halina mishipa yake ya damu; hulishwa na utando mwembamba uliolivika pande zote, na utando huo ukitenganishwa nalo kwa damu iliyovilia, gegedu hufa na sikio hukunjamana daima. Pili, lina ukaidi wa kurudi lilikotoka: likunje kwa kidole, liachie, nalo hurejea pale pale. Tatu, ukaidi huo hukua pamoja na mtu, kwa hiyo sikio la mtoto wa miaka 6 hutii vitu ambavyo sikio la mtu wa miaka 40 halivitii asilani.

Waliotutangulia walipambana na ukaidi huu kwa kisu. Mwaka 1881 Edward Talbot Ely, tabibu wa New York, alieleza namna alivyoyalaza masikio ya mvulana aliyekuwa akichekwa na wenzake, kwa kukata na kuondoa ngozi na gegedu nyuma ya sikio. Na mwaka 1910 William Luckett akabainisha kuwa kasoro yenyewe ni ule mkunjo uliokosekana, naye akashughulika kuuumba. Ikapita karibu nusu karne kabla ya Gibson na Davis kuonyesha, mwaka 1958, ya kuwa gegedu likikwaruzwa upande mmoja hujipinda lenyewe kuuelekea upande wa pili. Kisha mwaka 1963 Jack Mustardé, mpasuaji wa Uskoti, akatangaza njia yake ya kuukunja mkunjo huo kwa nyuzi, pasipo kulikata gegedu. Bwana huyu namtaja kwa taadhima, maana katika uzee wake alikwenda Ghana akasaidia kuanzisha kituo cha upasuaji wa kurekebisha maumbile na majeraha ya moto katika hospitali ya Korle Bu, mjini Accra.

Hata hivyo njia ya Mustardé bado ilihitaji kupasua ngozi nyuma ya sikio, mpasuo mrefu wa sentimita kadhaa, na ni hapo ninaporudi kwa yule mvulana na mama yake. Nilipokwisha kumpima mtoto nilimwomba mama ruhusa nitazame ndewe zake, naye akalegeza mtandio. Nyuma ya ndewe ya kushoto palikuwa na uvimbe mgumu unaong'aa, ukubwa wa zabibu, uliomwota baada ya kutogwa masikio alipokuwa msichana. Uvimbe huo huitwa keloidi: ni kovu lisilojua kusimama, ambalo huendelea kuota hata likapita mipaka ya jeraha lililolizaa, nalo huwapata watu wenye ngozi nyeusi mara nyingi zaidi kuliko weupe, hupenda sana masikio, na hufuata ukoo. Mtoto wa mama mwenye keloidi nisingependa kumpasua nyuma ya sikio kama ipo njia nyingine.

Njia hiyo ipo tangu mwaka 1995, ambapo Michael Fritsch wa Marekani alieleza jinsi ya kulaza sikio pasipo kufungua ngozi. Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi. Mtu mzima hutosheka na sindano ya ganzi. Mpasuaji hulibana sikio kwa kidole gumba na cha shahada mpaka mkunjo utokee, akautia alama kwa wino, na penye haja hulikwaruza gegedu kwa ncha ya sindano iliyopitishwa katika kitundu kidogo, ili kupunguza ukaidi wake. Halafu huchukua uzi usioyeyuka, akaingiza sindano iliyopinda upande wa nyuma wa sikio. Ikatoboa ngozi na gegedu, ikatambaa chini ya ngozi ya mbele bila ya kutokeza, ikarudi nyuma kupitia gegedu na kuchomoza. Na hapa ndipo penye siri ya kazi yote: sindano huingizwa tena katika tundu lile lile ilimotokea, ikapita chini kwa chini, ikatoboa mara nyingine, na kuendelea hivyo hivyo mpaka inapokamilisha mzunguko na kurejea katika tundu la kwanza, hata ncha mbili za uzi zikakutana mahali pamoja na kitanzi chote kikawa kimejificha. Hapo mpasuaji hufunga fundo na kulivuta taratibu, huku akilitazama sikio likijikunja, kama mshonaji avutaye uzi wa marinda, akasimama pale panapostahili. Kisha fundo huzamishwa chini ya ngozi, na kinachobaki nje ni vitundu mfano wa alama za kuumwa na mbu. Nyuzi tatu au nne hutosha sikio moja.

Kusimama panapostahili ndiko kugumu kuliko kushona. Ukivuta mno uzi wa katikati, sehemu ya katikati huzama nyuma ilhali juu na chini vimebaki mbele, na sikio likitazamwa kwa mbele huonekana kama mkono wa simu ya zamani. Masikio mawili kadhalika hayana budi kulingana, tofauti baina yao isizidi milimita 3. Kwa hiyo mpasuaji mwenye busara huinuka kila baada ya uzi mmoja, akasimama miguuni pa mgonjwa, akayatazama yote mawili kwa pamoja.

Sasa yanipasa kusema wazi jambo ambalo matangazo hayalisemi. Siku hizi watu huja na picha katika simu zao, wameambiwa kwamba masikio yao yatalazwa bila ya kisu, mara moja, kwa maisha yao yote, na wengine ni watu wazima ambao magegedu yao yamekwisha kuwa magumu. Katika sikio kama hilo gegedu huvuta upande wake na uzi huvuta upande wake, mpaka uzi ukalikata gegedu kama unavyokata mche wa sabuni, na baada ya miezi sikio likarudi lilipokuwa. Sikio ambalo kasoro yake ni kina cha bakuli nalo haliponi kwa mkunjo peke yake; huhitaji kufungwa kwenye tishu ngumu iliyo juu ya mfupa wa nyuma, namna alivyofundisha Furnas mwaka 1968, na kazi hiyo aghalabu hutaka mpasuo. Anayemwahidi kila mtu njia moja anauza njia hiyo, hatibu. Na kuhusu keloidi, mama aliyenisikia nikiisifu sindano aliniuliza swali la akili kuliko mengi niliyoulizwa na wanafunzi: "Daktari, si mimi nilitobolewa kwa sindano tu?" Ni kweli. Kitundu nacho ni jeraha. Nilimjibu kwamba hatari inapungua kwa kuwa ngozi haipasuliwi wala haikatwi, wala hapana pete inayoning'inia humo miaka na miaka ikiichokoza. Lakini kuondoka haiondoki, naye aamue akijua hivyo. Waliamua, yeye na mwanawe.

Baada ya kazi hii mgonjwa huvaa utepe kichwani, hasa usiku, kwa majuma kadhaa, asije akalala sikio likakunjwa mbele. Na mpira na kuogelea hungoja. Maumivu machache ni ya kawaida. Walakini maumivu makali yanayoongezeka katika sikio moja ni dalili ya damu kuvilia au ya uchafu kuingia, na kwa sababu niliyoieleza ya gegedu kukosa mishipa yake, mgonjwa huyo arudi hospitalini usiku ule ule, asingoje kukuche. Uzi nao waweza kuchomoza ngozini baada ya miezi au hata miaka. Kwa yule mvulana uzi mmoja ulichomoza, tukautoa, na sikio likabaki lilivyo, kwa kuwa tishu zilikwisha kulishika.

Mwaka uliofuata mama yule alirudi, safari hii amembeba binti yake wa siku 5, ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limefunguka sawasawa na la kaka yake. Huyu hakuhitaji sindano, wala uzi, wala dawa ya usingizi. Katika siku za mwanzo damu ya mtoto ingali na homoni za mama yake, nazo hulilainisha gegedu hata likapokea umbo lolote utakalolipa. Homoni hizo hupungua upesi, na yapatapo majuma 6 gegedu huwa limekaza. Matabibu wa Japani, Matsuo na wenzake, walilieleza jambo hili mwaka 1984, na tangu hapo masikio ya watoto wachanga hurekebishwa kwa kitu laini kinachowekwa katika mkunjo na kushikiliwa kwa plasta. Bibi zetu wa pwani wamemkanda mtoto kwa mafuta ya nazi na kumnyoosha pua tangu zamani, nao waliijua hekima ya kumkunja samaki angali mbichi. Kilichopungua ni muda tu, kwani gegedu halitaki kukandwa nusu saa na kuachwa, bali hutaka kushikwa usiku na mchana, kwa majuma mawili na zaidi. Wala kitambaa kilichofungwa kwa nguvu hakifai, kwa sababu huchubua ngozi ya mtoto. Sikio la binti yule tulilishika majuma manne, likatulia.

Kwa hiyo nawaomba wakunga wetu, na nyanya na mashangazi wanaompokea mtoto nyumbani, wayatazame masikio yake siku ile ile wanapomhesabia vidole, na wakiona mkunjo umekosekana wamlete kabla ya juma la kwanza kwisha.